Mbegu ya Mpunga Huchaguliwa Shambani

Leo somo letu ni juu ya mbegu ya mpunga ambayo mkulima hujiwekea mwenyewe nyumbani.

Tuanze shambani mwako, ndugu msikilizaji. Litazame jaruba lako wakati mpunga unapoanza kuwa wa manjano. Je, masuke yote yamelingana? Au mengine yamesimama juu ya wenzao, mengine yangali mabichi, na mengine yana ndevu ndefu na punje zake zapukutika ukizigusa tu? Kama ndivyo, mbegu yako ni mchanganyiko. Siku ya kuvuna, punje zilizotangulia kuiva zitakuwa zimekwisha anguka, na zile mbichi zitavunjika mashineni. Katikati ya mchele mweupe zitaonekana punje nyekundu, na mnunuzi atakupunguzia bei mbele ya macho yako. Hapo mtu husema, "Supa yangu imechoka." Haikuchoka. Imechanganyika.

Maana ua la mpunga si kama ua la mhindi. Mahindi hupeleka unga wa maua yake kwa upepo, na shamba la jirani laweza kulichanganya lako. Ua la mpunga hufunguka kwa muda mfupi tu, tangu saa nne ya asubuhi hivi mpaka adhuhuri, na unga wake huliangukia ua lilo hilo. Ni mara chache sana linapokea unga wa mmea mwingine. Kwa hiyo Supa huzaa Supa, na SARO 5, ambayo watafiti huiita TXD 306, huzaa SARO 5. Mkulima aweza kujiwekea mbegu hizo msimu baada ya msimu, jambo ambalo mahindi chotara hayakubali.

Basi mchanganyiko hutoka wapi? Hutoka mikononi mwetu. Turubai limepigiwa mpunga wa jirani asubuhi, na wako jioni. Gunia halikukung'utwa. Punje zilizoanguka mwaka jana zimeota zenyewe katikati ya mpunga mpya. Lakini kosa kubwa kuliko yote ni hili: mpunga wote huuzwa baada ya mavuno, ada za shule zikidaiwa na madeni yakibisha hodi, kisha mvua zikikaribia mtu huchota mbegu katika gunia la chakula lililobaki, au hununua dukani mpunga asiojua ulivunwa shamba gani. Simlaumu, njaa na deni havingoji. Hata hivyo, mbegu ya kupandikiza eka moja ni kama kilo 20 tu. Kiasi hicho chaweza kutengwa kabla ya gunia la kwanza kwenda sokoni.

Fanya hivi. Chagua sehemu ya shamba iliyo nzuri kabisa, mbali na kingo, mahali ambapo maji hayakulaza mpunga. Weka vijiti kwenye pembe zake. Pita humo mpunga ukichanua, upite tena masuke yakiinama, ukang'oe kila shina lisilofanana na wenzake, pamoja na mpunga pori. Huo wa porini ung'oe pamoja na mizizi yake, maana ukiukata kwa jembe kila kipande huchipua. Sehemu hiyo ivunwe peke yake, na ipigwe ya kwanza, juu ya turubai lililofagiwa.

Anika mbegu kwa tabaka jembamba, ukiigeuza mara kwa mara. Usiianike juu ya lami wala bati lenye moto, maana kiini hufa nawe hutajua mpaka siku ya kusia. Punje iliyokauka sawasawa ukiiuma hukatika kwa mlio. Ikibonyea, rudisha juani. Ipepete, mapepe yatoke, kisha iweke katika chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, kilichoinuliwa kutoka sakafuni, na juu yake andika jina la mbegu na mwaka.

Utauliza: nitajuaje kama ingali hai? Mwezi mmoja kabla ya kusia, hesabu punje 100, uzifunge katika kitambaa kibichi na kukilowesha kila siku. Usifanye hivyo mara tu baada ya kuvuna, kwa kuwa mpunga mpya hulala kwanza. Siku ya saba hesabu zilizoota. Zikiwa 80 au zaidi, tumia kipimo chako cha kawaida. Zikiwa 60, ongeza theluthi moja. Zikipungua nusu, kula mpunga huo, nawe ukatafute mbegu mapema, ama kwa watafiti wa TARI pale Ifakara, ama kwa jirani ambaye shamba lake uliliona likiwa limesimama.

Siku ya kuiloweka, koroga chumvi katika ndoo ya maji mpaka yai bichi, lisilo viza, lielee. Mimina mbegu. Zinazoelea ziondoe, zilizozama zisuuze mara mbili kwa maji safi, ndipo uziloweke.

Kabla ya somo lijalo, kila mmoja katika kikundi chenu alete punje 100 na kitambaa. Mtahesabu pamoja.