Kutembea chini ya bahari bila kujua kuogelea: Siri iliyo ndani ya kofia

WAKO watu wengi waliozaliwa na kulelewa karibu na maji lakini hawajui kuogelea. Kwao, bahari ni ya kutazamwa tu kutoka ufuoni.

Hata hivyo, katika baadhi ya bustani za viumbe wa baharini duniani, mtu wa aina hiyo anaweza kushuka hadi sakafu ya bahari, akatembea kwa miguu yake miongoni mwa samaki na kurejea juu nywele zake zikiwa kavu.

Kinachowezesha jambo hilo ni kofia kubwa yenye kioo kipana mbele, ambayo hutua mabegani mwa mvaaji. Wengi huiogopa kabla ya kuijaribu, na wengine huidharau baada ya kuizoea. Makosa yote mawili hutokana na kutoelewa jinsi hewa inavyobadilika chini ya maji.

Mojawapo ya mahali panapotoa huduma hiyo ni Coral World Ocean Park, katika kisiwa cha St. Thomas, Visiwa vya Virgin vya Marekani, eneo la Caribbean. Visiwa hivyo vilikuwa koloni la Denmark hadi mwaka wa 1917, Marekani ilipovinunua kwa dola milioni 25.

Bustani hiyo ina mnara uliojengwa ndani ya bahari. Mgeni hushuka ngazi hadi chini ya usawa wa maji na kuwatazama samaki kupitia madirisha, bila kulowa. Anayetaka kuwakaribia zaidi ndiye huvaa kofia.

Kabla ya kuingia majini, wageni hujaza fomu ya afya na kufunzwa ishara za mikono, kwa kuwa chini huko hawawezi kuzungumza na kiongozi wao. Kisha mmoja baada ya mwingine hushuka kwa ngazi, na maji yanapowafika mabegani, kofia huteremshwa vichwani mwao. Chini wanafuata njia yenye chuma cha kushikilia, huku wapiga mbizi waliohitimu wakiwa kando yao.

Hewa huzuiaje maji?

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba kofia hiyo haikufungwa kwa chini. Iko wazi kabisa, na maji huishia karibu na mabega.

Anayetaka kuelewa sababu yake achukue bilauri tupu, aigeuze mdomo chini, kisha aizamishe wima ndani ya ndoo ya maji. Maji hayatajaa ndani ya bilauri kwa sababu hewa iliyomo haina mahali pa kutokea. Kofia ya kutembelea baharini ni bilauri hiyo hiyo, ila imeongezewa kioo na mpira wa kuleta hewa.

Mpira huo ndio uhai wa mvaaji. Kadiri mtu anavyoshuka ndivyo uzito wa maji unavyoibana hewa. Katika kina cha mita 10 baharini, mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu ya maji. Katika mita tano, huwa umeongezeka kwa nusu, na hewa iliyofungiwa ndani ya chombo hubanwa hadi kubaki thuluthi mbili ya ilivyokuwa. Kama kofia ingeshushwa bila kuongezewa hewa, maji yangepanda hadi usoni.

Ndiyo maana mashine iliyo juu husukuma hewa bila kukoma. Hewa hiyo huzuia maji kupanda, humpa mvaaji pumzi safi na hufukuza ile chafu anayoitoa, ambayo hutoka kwa chini kama mapovu.

Kutokana na hali hiyo, kichwa hubaki kikavu na hata mwenye miwani anaweza kuivaa. Lakini sharti moja halina budi kuzingatiwa: kichwa kiwe wima. Anayeinama sana ili aokote kombe mchangani ni kama aliyeinamisha ile bilauri ndani ya ndoo. Hewa itatoka na maji yataingia.

Kuhusu uzito, kofia hizi huwa na takriban kilo 30 zikiwa nchi kavu. Majini, hewa iliyo ndani huzielesha, hivi kwamba mabega huhisi kilo chache tu, na hizo zinatosha kumfanya mtu akanyage chini badala ya kuelea.

Masikio na mapafu

Hatari mbili zinafaa kueleweka vyema. Ya kwanza ni masikio. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna nafasi yenye hewa, na mgandamizo unapoongezeka kiwambo husukumwa ndani. Maumivu yanaweza kuanza katika mita mbili za kwanza.

Tiba yake ni kumeza mate, au kuingiza mkono ndani ya kofia kwa chini, kubana pua na kupuliza taratibu. Hilo lifanywe mapema, kabla ya maumivu kuzidi. Mwenye mafua hawezi kufanya hivyo kwa urahisi kwa kuwa njia za hewa zimeziba. Anayeng'ang'ania kushuka anaweza kupasua kiwambo.

Hatari ya pili ndiyo kubwa zaidi, nayo huja wakati wa kupanda. Mtu aliyevuta pumzi ya lita nne katika kina cha mita tano, kisha akaizuia na kupanda, atafika juu hewa hiyo ikiwa imefura hadi lita sita. Mapafu hayana nafasi ya kuihifadhi. Yanaweza kupasuka, na hewa ikiingia katika mishipa ya damu inaweza kufika kwenye ubongo na kuua.

Asiyejua kuogelea ndiye aliye katika hatari zaidi hapa, kwa sababu silika yake anapoingiwa na hofu ni kuziba pumzi na kukimbilia juu. Katika kofia, silika hiyo ni adui. Kanuni ni kupumua kama kawaida wakati wote, na iwapo kwa dharura kofia itavuliwa, kutoa pumzi mfululizo hadi juu. Kofia haifungwi mwilini, hivyo inaweza kuvuliwa kwa haraka.

Ishara nazo zina mtego wake. Kwa wapiga mbizi, kuinua kidole gumba si kusema mambo ni mazuri, bali ni kuomba kupandishwa juu. Aliye salama huunganisha kidole gumba na cha shahada kufanya mduara. Mwenye shida huutikisa mkono uliofunguliwa, kisha huelekeza kidole mahali panapomsumbua.

Chombo cha kale

Kofia hii si uvumbuzi wa juzi. Mwaka wa 1823, Mwingereza Charles Deane alipata hataza ya kofia ya kuingilia katika majengo yenye moshi wa moto. Baadaye yeye na nduguye John waliigeuza kuwa ya kuzamia, na mwaka wa 1836 waliitumia kuopoa mizinga kutoka kwa meli ya Mary Rose iliyozama 1545.

Kofia yao ilikuwa na kasoro ile ile ya kuwa wazi chini: mzamiaji akianguka, maji yaliingia. Augustus Siebe, fundi Mjerumani aliyeishi London, aliitatua kwa kuunganisha kofia na vazi lisilopenyeza maji. Vazi hilo liliwafikisha wazamiaji kwenye vina virefu zaidi, lakini huko walikutana na maradhi ya kupooza yanayoletwa na kupanda kwa haraka. Watalii wa leo wamerudia kofia iliyo wazi kwa kuwa hawaendi mbali, na katika kina kidogo kwa muda mfupi maradhi hayo si tishio kubwa.

Kile kinachoonekana chini

Kupitia kioo, vitu huonekana vikubwa kwa takriban thuluthi moja na kuwa karibu zaidi ya vilivyo. Rangi nyekundu hufifia kwanza kadiri mtu anavyoshuka. Katika maji ya Caribbean mgeni anaweza kuwaona pono wakikwangua mwani kwenye matumbawe, ambayo huyasaga na kuyatoa yakiwa mchanga.

Matumbawe hayo yamo hatarini. Ugonjwa unaoangamiza matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka wa 2014, uligunduliwa St. Thomas mapema 2019. Kuanzia Machi 2020, sheria ya visiwa hivyo ilipiga marufuku mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali za oksibenzoni, oktinoksati na oktokraileni. Mgeni naye hutakiwa asiguse chochote, kwani tumbawe ni mnyama hai na si jiwe.

Kwa anayekusudia kujaribu, popote pale ulimwenguni, yapo maswali ya kuuliza kabla ya kulipa. Je, mashine ya hewa ikizima kuna mtungi wa akiba? Kiongozi mmoja anasimamia watu wangapi? Je, mafunzo hutolewa kwa lugha anayoielewa? Asiyejibiwa waziwazi ana haki ya kuondoka.

Aidha, fomu ya afya si ya kujazwa kwa haraka. Mwenye pumu, maradhi ya moyo, kifafa, mafua, au mama mjamzito, hapaswi kuficha hali yake kwa kuhofia kunyimwa nafasi au kupoteza pesa alizolipa. Daktari ndiye anayefaa kumshauri.

Wahenga walinena kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kofia humwezesha asiyejua kuogelea kuyafika, mradi akumbuke mambo matatu: kichwa kiwe wima, masikio yasawazishwe mapema, na pumzi isizuiwe kamwe.