Kitana cha Sauti: Flenja ya Gitaa la Umeme

Mtu anayesimama kwenye uwanja wa saruji wakati ndege ya jeti inapopita juu yake husikia jambo ambalo wengi hawalitilii maanani. Ndani ya ngurumo ya injini husikika sauti nyingine, mfano wa mluzi mpana, ambayo hushuka kadiri ndege inavyokaribia na hupanda tena inapokwenda zake. Akichutama ghafula, mluzi huo hupanda papo hapo, ingawa ndege haikubadili chochote. Akisimama, hushuka. Ni dhahiri basi kwamba mluzi huo hautoki ndani ya injini. Kimo cha sikio juu ya ardhi nacho kina sehemu yake katika kuuzaa.

Maelezo yake si magumu. Ngurumo hulifikia sikio kwa njia mbili: moja kwa moja kutoka angani, na mara ya pili baada ya kugonga saruji na kurudi juu. Njia ya pili ni ndefu zaidi. Ikiwa sikio liko mita 1.6 juu ya ardhi na ndege iko utosini, tofauti ya njia hizo mbili ni mita 3.2. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika hewa ya joto, hivyo nakala ya pili huchelewa kwa milisekunde 9 hivi, yaani sehemu tisa za elfu za sekunde. Kuchelewa huko, pasipo kitu kingine, ndiko kunakozaa mluzi. Mholanzi Christiaan Huygens aliliona jambo la jamaa hiyo mwaka 1693 katika bustani ya Chantilly, Ufaransa: mvumo wa chemchemi ulipogonga ngazi za mawe na kurudi, ulisikika ukiwa na noti maalumu ya muziki, ilhali maji yenyewe hayana noti.

Flenja, kifaa kidogo kinachokanyagwa kwa mguu na mpiga gitaa la umeme, ni uwanja huo wa saruji uliotiwa ndani ya kisanduku cha chuma. Hupokea umeme wa sauti kutoka kwenye gitaa, huutengenezea nakala, huichelewesha nakala hiyo kwa muda mfupi sana, kisha huzichanganya mbili hizo na kuzipeleka kwenye kikuza sauti. Muda wa kuchelewesha haukai mahali pamoja. Hurefushwa na kufupishwa polepole na saketi ndogo inayoyumba kama pendulamu, na hapo ndipo sauti ya gitaa inapoanza kujipinda na kufagia huku na huko.

Ili kuona kinachotendeka, na tuchukue ucheleweshaji wa milisekunde 1. Mtetemo wa hezi 500 huhitaji milisekunde 2 kukamilisha mzunguko mmoja. Kwa hiyo nakala yake imebaki nyuma kwa nusu mzunguko. Pale wimbi la asili linapopanda, nakala hushuka, na yakijumlishwa kwa nguvu sawa mawimbi hayo hufutana. Mtetemo wa hezi 1,000 umebaki nyuma kwa mzunguko mzima, hivyo mawimbi hupanda na kushuka pamoja na sauti huongezeka. Kwenye hezi 1,500 hufutana tena, kwenye 2,000 husaidiana, na kuendelea hivyo hivyo hadi mwisho wa uwezo wa sikio. Anayeuchora mfuatano huo karatasini hupata meno yaliyopangwa kwa nafasi sawa, na ndiyo maana wahandisi hukiita kifaa cha namna hii kichujio cha kitana. Ucheleweshaji ukirefushwa hadi milisekunde 5, meno husongamana: pengo la kwanza huwa kwenye hezi 100, kisha 300, kisha 500. Ukifupishwa, meno hutanuka na kupanda juu. Kitana kilichotulia huifanya sauti iwe kama ya mtu anenaye ndani ya bomba. Kitana kinachosogea ndicho sikio linachokifuata.

Kabla ya kuwako kwa chipu, kazi hii ilihitaji mashine mbili nzima za kurekodi. Wimbo uleule ulipigwa kwenye mashine mbili za utepe kwa wakati mmoja, na fundi aliizuia moja kidogo ili ibaki nyuma, kisha akaizuia ya pili ili ya kwanza iipite. Wimbo wa "The Big Hurt" ulioimbwa na Toni Fisher wa Marekani mwaka 1959 hutajwa sana kuwa wa kwanza kupendwa na watu wengi ukiwa na sauti hiyo. Mwaka 1966 Ken Townsend, fundi wa studio za EMI mjini London, alibuni njia ya kuzalisha nakala ya sauti ya mwimbaji kwa mashine ya utepe yenye mwendo unaobadilishwa kwa umeme, naye George Chkiantz wa Olympic Studios akaitumia mbinu ya utepe mwaka 1967 katika "Itchycoo Park" wa kundi la Small Faces. Kuhusu asili ya jina, wasimulizi hawakubaliani. Wako wanaosema limetokana na ukingo wa gurudumu la utepe, ambao fundi aliugusa kwa kidole ili kupunguza mwendo. Wengine husema ni mzaha wa John Lennon na mtayarishaji wake George Martin.

Mpiga gitaa hawezi kubeba mashine mbili za utepe jukwaani. Ufumbuzi ulitoka Uholanzi mwaka 1969, katika maabara za Philips, ambako F. Sangster na K. Teer walibuni saketi iliyopewa jina la mlolongo wa ndoo. Jina hilo lafaa kabisa. Watu wakijipanga kutoka kisimani hadi kwenye nyumba inayoungua na kupokezana ndoo, maji hufika, lakini hufika baada ya muda. Katika chipu, kila mtu ni kapasita ndogo, na maji ni chaji ya umeme inayobeba sauti. Saa ya umeme hupiga mdundo, na kwa kila mdundo chaji husogea hatua mbili. Kwa kuwa anayepokea ni lazima awe na mikono mitupu, nusu tu ya kapasita hubeba sauti kwa wakati wowote. Chipu yenye hatua 1,024 hubeba vipande 512. Saa ikipiga mara 50,000 kwa sekunde, ucheleweshaji huwa milisekunde 10.24, ikipiga mara 500,000, huwa milisekunde 1.024. Kuyumbisha kitana, basi, ni kuyumbisha mwendo wa saa hiyo tu. Ugunduzi huu ndio ulioleta pedali za miaka ya 1970, kama vile Electric Mistress ya Electro-Harmonix.

Kuna jambo moja ambalo utepe uliliweza na mlolongo wa ndoo hauliwezi kwa urahisi. Tepe mbili zikipitana, ucheleweshaji hufika sifuri, na meno yote ya kitana hukimbilia juu na kutoweka kabla ya kurudi. Chipu haiwezi kuchelewesha kwa sifuri. Mtengenezaji anayetaka mpito huo hana budi kuichelewesha kidogo hata sauti ya asili, na pedali za namna hiyo huwa ghali. Nyingi za dijitali za leo huliiga jambo hilo kwa hesabu.

Vitufe vinne

Pedali ya Boss BF-2, iliyotengenezwa tangu mwaka 1980 hadi 2001 na ambayo bado hupatikana mikononi mwa watu, ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu haina mapambo. Ina vitufe vinne vya kuzungusha. Cha kwanza huweka ucheleweshaji wa kuanzia, yaani mahali kitana kinapokaa. Cha pili huamua upana wa safari yake. Cha tatu huamua kasi. Cha nne ni mrejesho: sehemu ya sauti iliyokwisha kuchelewa hurudishwa mwanzoni na kuchelewa tena, mara nyingi mfululizo, na kila mara vilele vya kitana hunoleka zaidi. Mrejesho mdogo hutoa mvumo laini. Mkubwa hutoa mlio wa chuma kama wa bomba lililogongwa.

Kosa la kawaida ni kuvifungua vitufe vyote vinne hadi mwisho. Kifaa hakiharibiki, ila muziki huharibika, kwani msikilizaji husikia pedali badala ya gitaa. Njia iliyo bora ni kuanza na mrejesho ukiwa sifuri na upana ukiwa sifuri, kukitafuta kwa kitufe cha kwanza kituo kinachopendeza, ndipo upana uongezwe kidogo kidogo na kasi iwekwe ili safari moja ichukue sekunde kadhaa. Kadiri safari inavyokuwa pana ndivyo inavyopasa kuwa ya taratibu. Safari pana ya haraka huyumbisha hata noti yenyewe, na gitaa husikika kana kwamba halikusawazishwa.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni

Pedali nzuri ya aina hii huweza kugharimu mapato ya maonyesho mengi ya bendi ndogo, kwa hiyo swali la kwanza si aina gani bali kama inahitajika. Kitana hakina cha kuchana pasipo nywele. Sauti iliyojaa mitetemo mingi, kama kodi nzito au gitaa lililopitishwa kwenye pedali ya kukwaruza sauti, hukipa kila jino kazi. Mpiga solo wa muziki wa dansi wa Kongo au wa Afrika Mashariki, ambaye hupiga noti nyembamba na safi juu kabisa ya gitaa, atapata kidogo. Noti ya hezi 659, inayopatikana kwenye uzi mwembamba katika kituo cha 12, ina wenzake wachache dhaifu kwenye 1,318 na 1,977. Jino likipita, sauti hupungua na kuongezeka tu bila kufagia. Huyo yafaa anunue korasi, ambayo huchelewesha kwa muda mrefu zaidi, milisekunde 15 hadi 35 hivi, bila mrejesho, ikalifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Mpiga ridhimu ndiye anayefaidi flenja.

Dukani, mnunuzi aende na gitaa lake mwenyewe na aijaribu pedali kwa sauti iliyokwaruzwa na kwa sauti safi. Kisha aache kupiga, afungue kikuza sauti, na asikilize ukimya. Saketi ya ndoo huacha mvumo kidogo, na mvumo nao huchanwa na kitana, hivyo husikika ukifagia peke yake. Kidogo chavumilika. Mluzi mwembamba usioisha, hasa ucheleweshaji unapokuwa mrefu, ni ishara kwamba mlio wa saa unapenya, na pedali hiyo yafaa iachwe. Kwa pedali kuukuu swali jingine ni vipuri: chipu ya SAD1024 iliyotumika katika Electric Mistress za awali haitengenezwi tena, ilhali chipu ya BF-2 ina nakala zinazotengenezwa hadi leo. Fundi wa redio aliye hodari anaweza kuirudisha ya pili kazini; ya kwanza itamlazimu kuitafuta chipu kwa bei kubwa.

Katika mpangilio, flenja huwekwa baada ya pedali ya kukwaruza na kabla ya mwangwi. Ikitangulia, kukwaruza huongeza mitetemo mipya na kuyafunika mapengo ya kitana, ingawa wako wapigaji wanaoipenda sauti hiyo yenye ukungu.

Kuhusu umeme, adapta isichomekwe kabla ya kusoma volti na alama ya chanya na hasi iliyo kwenye kisanduku, kwa maana kiini cha plagi katika pedali nyingi ni hasi, na kinyume chake huweza kuunguza saketi. Baadhi ya BF-2 za awali zilikusudiwa adapta ya Boss ya aina ya ACA. Zikipewa volti 9 zilizosawazishwa, taa hufifia na kazi hulegea, na wengi wamezidhania mbovu. Anayetumia betri akumbuke kwamba swichi ya umeme katika pedali nyingi imo ndani ya tundu la waya wa gitaa. Waya ukiachwa humo usiku kucha, betri huendelea kuliwa hata kama taa ya pedali imezimwa.