Salamu Si Kupoteza Muda

Kwetu Iringa marafiki wa siku nyingi wakikutana, salamu haziishii kwenye "Kamwene". Wataulizana habari za watoto, mahindi, hata lile goti lililouma wiki iliyopita. Mbeya nako, Mnyakyusa akisema "Ugonile" anauliza umelalaje. Wengine huona haya ni maneno matupu. Sisi wauguzi tunaona ni kinga.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Upweke huongeza hatari ya maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari na sonona.

Tena, rafiki aliyekuzoea hugundua mabadiliko mapema. Wagonjwa wengi husema "sijambo" kwa mazoea tu. Kwa hiyo msikilize jinsi wanavyojibu:

1. Mcheshi amekuwa mkimya, hapati usingizi, hataki chakula wala hafurahii chochote kwa majuma mawili: mpelekeni kituo cha afya.

2. Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

3. Maneno yamekuwa mazito ghafla, mdomo umepinda au mkono umelegea: hizo ni dalili za kiharusi. Msimpe chakula wala kinywaji. Mkimbizeni hospitali, kwani kila dakika ina thamani.

Je, kuna rafiki wa zamani ambaye hajaonekana sokoni tangu juzi? Tusingoje taarifa mbaya. Twende leo tukabishe hodi, tukae, tuongee.