Bei ya Saa Moja: Afya ya Mtunga Programu Anayejitegemea

Miongoni mwa vijana wanaofika katika kliniki za magonjwa ya ndani siku hizi, limezuka kundi ambalo fomu zetu za usajili hazina mahali pake. Penye nafasi ya jina la mwajiri huandika "binafsi", au huacha patupu. Hao ni watunga programu za kompyuta wanaojitegemea: hawana bosi wala ofisi, na wateja wao wako Dar es Salaam, Nairobi, London au San Francisco. Huja na maumivu ya kichwa, macho makavu, shingo iliyokakamaa, usingizi uliopotea, na baadhi yao shinikizo la juu la damu ambalo hakuna aliyelitarajia kwa mtu wa miaka 28. Daktari huandika dawa, mgonjwa huondoka, na swali moja la msingi linabaki bila kuulizwa: anauza saa yake ya kazi kwa bei gani?

Swali hilo laweza kuonekana kuwa la mhasibu. Makala hii inadai kuwa ni la tabibu pia.

Tutazame kwanza kile anachokiacha kijana anapochagua njia hii. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, ambapo siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili na 63 zinazofuata hulipwa nusu. Mama aliyejifungua ana siku 84. Anayefanya kazi usiku huongezewa asilimia 5 ya ujira. Tena, mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi asiachwe mikono mitupu. Mtunga programu anayejitegemea hana hata kimoja kati ya hivyo. Yeye ndiye mwajiri na ndiye mwajiriwa, na kama mwajiri huyo ni bahili, mwajiriwa hana pa kushtaki.

Ubahili huo huanzia kwenye hesabu. Chukua kijana anayetaka kipato cha shilingi milioni 18 kwa mwaka, yaani milioni moja na nusu kwa mwezi. Huzidisha saa 45 kwa wiki 52, akapata saa 2,340, akagawanya, akaona kwamba saa moja ni kama shilingi 7,700. Bei hiyo humpendeza mteja, na kazi huanza. Lakini ndani ya hesabu hiyo hamna siku ya kuugua malaria, hamna sikukuu ya Idi wala Krismasi, na hamna msiba wa kwenda kuzika kijijini. Zaidi ya hayo, si kila saa ya kazi inalipwa: kutafuta wateja, kuandika mapendekezo, kudai malipo yaliyochelewa na kujifunza teknolojia mpya ni kazi ambayo hakuna anayeilipia.

Sasa turudie kwa uaminifu. Ondoa wiki nne za likizo, mbili za sikukuu na mbili za akiba ya ugonjwa. Zinabaki wiki 44. Kadiria saa 25 za kulipwa kwa wiki. Jumla ni saa 1,100, na bei ya saa inakuwa takriban shilingi 16,400, zaidi ya maradufu ya ile ya kwanza. Hapo bado hatujaweka bima, umeme, intaneti wala kompyuta itakayochakaa.

Na yule aliyeshikilia 7,700? Ili afikishe milioni 18 hana budi auze saa 45 zinazolipwa kila wiki, wiki zote 52, kisha aongeze juu yake saa 15 au 20 zisizolipwa. Amevuka saa 60. Utafiti wa pamoja wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunahusiana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, na asilimia 17 ya hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Kijana huyo hakuamua kuhatarisha moyo wake. Alikubali bei tu, na saa zikaja zenyewe nyuma yake.

Usiku nao una hesabu yake. Saa tatu asubuhi ya San Francisco, katika miezi ya baridi huko, ni saa mbili usiku ya Dar es Salaam. Wenzake wanapofunga ofisi saa kumi na moja jioni, hapa ni saa kumi alfajiri. Wengi hujisaidia kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, wakisahau kuwa saa tano hivi baada ya kunywa, nusu ya kafeini ingali mwilini. Asubuhi jua limechomoza, watoto wa jirani wanacheza, na usingizi wa mchana unakuwa mfupi na wa kukatikakatika. Usingizi pungufu wa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu na kuvuruga sukari mwilini. Mteja wa London, ambako tofauti ni saa mbili au tatu tu, huenda akalipa kidogo kuliko wa California na bado akawa nafuu kwa afya. Hilo nalo liingizwe katika kuchagua.

Kuhusu macho na shingo nitasema machache, kwa kuwa hayo ndiyo husemwa sana. Anayetazama skrini hupepesa macho kwa nadra, ndipo yakauka. Kila dakika 20 atazame kitu kilicho mbali kama mita sita kwa sekunde 20. Skrini iwe usawa wa macho. Kitanda si meza.

Isidhaniwe kuwa napinga uchaguzi huu. Wapo wagonjwa ambao ungewafaa kuliko ajira yoyote. Mtu anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa zipatazo nne kila mara, ni vigumu kumpata mwajiri wa kumvumilia. Mtunga programu anayejitegemea huzipanga saa zake kuzunguka matibabu. Ndivyo ilivyo kwa mwenye selimundu, mradi asiahidi tarehe ya kukabidhi kazi isiyo na nafasi ya siku chache za maumivu.

Kinga ya kifedha ipo kwa anayeitafuta. NSSF hupokea wanachama waliojiajiri, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haikuwalenga waajiriwa peke yao. Kosa la kawaida ni kuitafuta bima baada ya ugonjwa kujitokeza. Mchango wake uingie katika bei ya saa tangu mkataba wa kwanza.

Kwa wahudumu wenzangu: mgonjwa akisema "najitegemea", ulizeni analala saa ngapi na wakati gani, wiki iliyopita alifanya kazi saa ngapi, na akiugua wiki mbili nani atalipa kodi ya nyumba. Hili la mwisho mara nyingi hueleza kwa nini alikatisha dawa au hakurudi siku ya miadi. Karatasi ya ED tunayomwandikia mwajiriwa haina wa kuipokea hapa. Badala yake, mweleze kuwa mkataba wake unaweza kuwa na kifungu cha kusogeza tarehe ya kukabidhi kazi kwa sababu ya ugonjwa, na umwandikie barua fupi, kwa lugha ya mteja wake, isiyotaja ugonjwa wenyewe bali idadi ya siku anazopaswa kupumzika.