Kelele za Biashara ya Jirani: Tufanyeje Ili Familia Ilale?



Sisi tunaoishi Tunduma tunajua kwamba mji wetu haulali. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yake, na usiku na mchana malori yanapanga foleni kuelekea Nakonde. Kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa mwaka 2019, na Mkoa wa Songwe wenyewe ulianzishwa mwaka 2016. Mji unakua haraka. Madereva wanahitaji chakula, kinywaji na mahali pa kulala. Kwa hiyo grosari, baa, nyumba za wageni, gereji, mashine za kusaga na mafundi wa kuchomelea vimeota katikati ya nyumba zetu, na mara nyingi tunatenganishwa nao na ukuta mmoja tu. Hali ni hiyo hiyo Mlowo na Vwawa.

Wenye biashara hizo si adui zetu. Wengi wao ni akina mama kama sisi, wanaotafuta ada na kodi ya nyumba. Unga tunaopika umesagwa kwenye mashine zao. Hata hivyo, mtoto anayekosa usingizi kila usiku anaumia, hata kama jirani hana nia mbaya. Katika makala hii tutaangalia madhara ya kelele, mambo ya kurekebisha nyumbani, namna ya kuzungumza na jirani, na hatua za kuchukua asiposikia.

KELELE ZINAFANYA NINI MWILINI

Jicho lina kope za kulifunga, lakini sikio halina. Ukiwa umelala, sikio linaendelea kusikia na ubongo unaendelea kujibu. Mapigo ya moyo yanaongezeka, presha inapanda kidogo, na mwili unatoa homoni zile zile za hofu, hata kama hukuamka. Ndiyo maana msemo kwamba "watoto wameshazoea" ni kweli nusu tu. Mtu anaweza kuzoea kiasi cha kutoamka, lakini moyo wake unaendelea kushtuka. Hali hiyo ikidumu miaka mingi, huchangia ugonjwa wa presha na wa moyo.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba ndani ya chumba cha kulala usiku sauti isizidi wastani wa desibeli 30. Kwa mtu aliye kazini, kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda wa usalama unapungua kwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2. Zikifika 100, ambazo spika kubwa inaweza kuzitoa kwa mtu aliye karibu nayo, muda huo ni dakika 15 tu. Mama anayeuza chipsi mbele ya baa akiwa na mtoto mgongoni afikirie hesabu hiyo. Asogeze meza yake mbali na spika, au mtoto abaki nyumbani na mtu mzima anayeaminika.

Wengi wetu nyumbani hatupati sauti ya kuharibu masikio kiasi hicho. Kinachotuumiza ni kukosa usingizi. Mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji kulala saa 12 hadi 16 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14, na wa miaka 3 hadi 4 saa 10 hadi 13. Mwanafunzi wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12. Sasa piga hesabu mwenyewe: muziki ukizimwa saa 6 usiku, na mtoto akaamshwa saa 11 alfajiri kwenda shule, amelala saa 5. Mtoto huyo atasinzia darasani, atakuwa mkali kwa wenzake, na mwalimu atamwita mvivu. Kabla ya kumpiga kwa matokeo mabaya, uliza amelala saa ngapi.

Mama mjamzito naye aangaliwe. Mtoto aliye tumboni huanza kusikia tangu kama wiki ya 24, na wimbo wa kawaida haumdhuru. Lakini mama mwenyewe, hasa mwenye presha, anahitaji kupumzika. Ukienda kliniki, mwambie muuguzi kwamba hulali. Usione kuwa ni jambo dogo lisilofaa kutajwa.

MAMBO YA KUEPUKA

Katika kazi ya uuguzi nimekutana na akina mama wanaowapa watoto dawa ya mafua ili walale wakati muziki unapopigwa. Mpendwa mama, acha kabisa jambo hilo. Dawa hizo zinaweza kupunguza upumuaji wa mtoto mdogo, na dozi ya kubahatisha inaweza kumuua.

Pili, usimwekee mtoto pamba au kitu chochote sikioni. Pamba huzuia sauti kidogo mno, na kipande kinaweza kubaki ndani. Vizibo vya sponji vya masikio vinamfaa mtu mzima, lakini mtoto mdogo anaweza kuvimeza au kukabwa navyo.

Tatu, mtoto akiwa hasikii vizuri au akiongeza sauti ya redio kila mara, usiseme tu kwamba ni kelele za jirani. Huenda ana usaha sikioni. Mpeleke kituo cha afya, wala usimtilie mafuta.

TUANZE NDANI YA NYUMBA

Sauti huingia pale hewa inapoingia. Katika nyumba nyingi za kwetu, tundu kubwa liko kati ya ukuta na bati, hasa pasipo na dari. Kuweka dari, hata katika chumba cha watoto peke yake, kunasaidia kuliko pazia zito. Ziba nafasi iliyo chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Hamishia watoto katika chumba kilicho mbali na biashara hiyo, nanyi wakubwa mlale upande wa kelele. Kabati lililojaa nguo likisimamishwa kwenye ukuta wa upande wa jirani nalo hupunguza kidogo.

Hata hivyo tusidanganyane. Mdundo mzito wa besi hupita ukutani, na mstari wa miti uani hauuzuii. Tena katika usiku wa baridi na utulivu, kama ule wa Juni na Julai, sauti husafiri mbali zaidi kuliko mchana.

Hapa nitoe onyo. Ukiziba madirisha kwa sababu ya kelele na baridi, usiingize jiko la mkaa chumbani kamwe. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huweza kuua familia nzima usingizini. Acha daima upenyo wa hewa katika upande usio na kelele.

KUZUNGUMZA NA JIRANI

Bwana Yesu alitufundisha utaratibu katika Mathayo sura ya 18, kuanzia mstari wa 15: ukikosewa, nenda kwanza kwa ndugu yako mkiwa wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili pamoja nawe. Ni baada ya hapo tu jambo hupelekwa mbele ya wengi. Sisi mara nyingi tunageuza utaratibu huu. Tunaanza kwa kumsema jirani kisimani na kwenye kikundi cha maombi, na yeye huwa wa mwisho kusikia.

Kabla ya kwenda, zungumza na mume wako. Katika nyumba nyingine jambo hili ni gumu, kwa sababu baba mwenyewe ni mteja wa baa hiyo. Usilifanye kuwa ugomvi wa pombe, kwa maana hayo ni mazungumzo ya siku nyingine. Mweleze habari za watoto: hesabu ya saa za kulala na taarifa ya mwalimu. Baba asiyetaka kusikia habari za glasi yake anaweza kusikia habari za mwanawe.

Usiende usiku muziki ukiwa unapigwa na wateja wamejaa. Hapo mwenye biashara lazima ajitetee. Nenda asubuhi anapofagia, piga hodi, msalimie, umuulize habari za kazi na za watoto. Kisha useme kwa upole: "Mama, nimekuja kama jirani. Biashara yako naiombea mema. Shida yangu ni watoto hawalali. Naomba tuone tunavyoweza kusaidiana."

Usiombe tu "kupunguza kelele", kwa sababu kila mtu ana kipimo chake cha kelele. Omba jambo linaloonekana. Kwa mfano:

- Spika iliyo nje iingizwe ndani, au igeuzwe itazame barabarani badala ya nyumba.
- Besi ishushwe kuanzia saa 3 usiku.
- Muziki uzimwe saa 4 usiku siku za kazi, hata kama huduma zinaendelea.
- Mashine ya kusaga isiwashwe kabla ya saa 1 asubuhi, na bomba lake la moshi lifungwe sailensa.
- Jenereta lisogezwe mbali na madirisha. Katika eneo la wazi, umbali ukiongezwa mara mbili sauti hupungua kwa kiasi cha kusikika.

Mama mmoja ninayemfahamu alikwenda kwa mwenye grosari mwezi Agosti. Hakuomba mwaka mzima. Aliomba majuma yaliyobaki kabla ya mtihani wa darasa la saba, ambao hufanyika Septemba. Mwenye grosari alikubali, kwa maana naye alikuwa na mtoto wa darasa hilo hilo. Mtihani ulipopita, spika haikurudi nje. Mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka, sauti bado hupanda, na mama huyo humkumbusha mwenzake kwa ujumbe mfupi wa simu. Hawajakosana.

IKIWA HATASIKIA

Wapo ambao hawatasikia. Kwenda mbele hapo si kukosa upendo, kwa sababu watoto hawana mtu mwingine wa kuwasemea.

Kwanza, tunza daftari. Andika tarehe, saa kelele zilipoanza, saa zilipokwisha na ni za namna gani. Majuma 2 yanatosha. Daftari lina nguvu kuliko malalamiko ya mdomo.

Pili, tafuta majirani 2 au 3 wenye shida hiyo hiyo, mwende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa mtaa. Omba mwenye biashara aitwe mketi pamoja, na makubaliano yaandikwe na kusainiwa. Ikiwa yeye ni mpangaji, mwenye nyumba naye aitwe.

Tatu, ikishindikana, nendeni kwa mtendaji wa kata na afisa afya, kisha kwa afisa mazingira wa halmashauri. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inahusu pia kelele, na kanuni za viwango vya kelele na mitetemo zilitungwa chini yake mwaka 2015. Viwango vya usiku ni vikali kuliko vya mchana. Leseni ya vileo nayo ina saa zake za kuuza, na afisa biashara anaweza kueleza saa za baa iliyo jirani yako. Juu ya halmashauri kuna taasisi ya taifa ya mazingira ambayo wengi tumeizoea kwa jina la NEMC, yenye ofisi ya kanda Mbeya. Taasisi hiyo imewahi kutoza faini na kufunga baa na kumbi kwa sababu ya kelele.

Usiende kuvunja spika wala kuwatuma vijana warushe mawe kwenye bati. Ukifanya hivyo, mkosaji utakuwa wewe.

VIPI KUHUSU MAKANISA YETU?

Akina mama, swali hili hatuwezi kulikwepa. Viongozi wa mazingira wamekuwa wakiyaonya makanisa na misikiti pamoja na baa. Mtoto mchanga wa jirani hajui kama besi inayomwamsha saa 8 usiku ni ya dansi au ya kwaya. Mithali 27:14 inatuonya kwamba anayembariki mwenzake kwa sauti kuu alfajiri atahesabiwa kama anayemlaani.

Mkesha wa maombi ni mzuri. Mungu wetu si kiziwi, naye husikia bila spika za nje. Idara ya wanawake inaweza kupeleka ombi kwa wazee wa kanisa: baada ya saa 4 usiku spika za nje zizimwe, na majirani wapewe taarifa kabla ya mkutano mkubwa. Tukifanya hivyo, tutakapobisha hodi kwa mwenye baa tutakuwa na neno la kusema. Tusipofanya, atatujibu kwa haki: "Na ninyi je?"

Juma hili, mama, fanya mambo matatu. Hesabu saa ambazo kila mtoto wako analala. Angalia dari na mlango wa chumba chake. Kisha chagua asubuhi moja, ukapige hodi kwa jirani. Bwana akupe maneno ya upole, na watoto wako wapate usingizi.