Panya Hafuati Njiwa, Anafuata Mtama

Usiku ule nilisikia mabawa yakipigapiga waya kule barazani, kama saa nane hivi. Nikajisemea ni paka anapita. Asubuhi nilikuwa na jaribio la saikolojia ya elimu, nikavuta shuka nikalala. Naanza na hapo kwa sababu kosa lenyewe lilianzia hapo. Ndege wa kwenye tundu akishtuka usiku wa manane na kuanza kujigonga, ujue kuna kitu. Amka, washa taa, toka nje ukaangalie.

Njiwa wenyewe hawakuwa wangu. Ni wawili, dume na jike, wa mdogo wangu aliyekwenda bweni kuanza kidato cha tano, akaniachia niwatunze hapa geto, Dodoma. Aliniachia na shilingi 15,000 za kununua wavu wa maana wa tundu. Hela ile nikaitumia kuprinti ripoti ya BTP, maana bumu lilikuwa halijatoka. Asubuhi nilikuta damu kwenye mbao, dume kakosa kidole kimoja cha mguu, na jike ana jeraha chini ya bawa.

Wengi tunaofuga ndege mageto tunadhani panya anakuja kutafuta nyama. Ni kweli mayai na makinda anakula, lakini kinachomleta mara ya kwanza ni chakula. Mtama unamwagika chini ya tundu, unabaki usiku kucha, na harufu inamvuta. Akishafika, akakuta mguu umetokeza kwenye waya, anauma. Njiwa gizani haoni vizuri, kwa hiyo hawezi kukimbia wala kupigana. Anajirusha tu na kujiumiza zaidi. Dawa ya kwanza basi haina gharama: jua likizama, toa chakula chote, fagia chini, na mtama uliobaki uweke kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mfuko wa plastiki ni kujidanganya, panya anautoboa mara moja.

Halafu wavu. Ule wa kuku wenye matundu ya pembe sita unazuia kuku asitoke, ila haumzuii panya asiingie. Panya mchanga anapenya kwenye nafasi ya milimita 12 hivi, na wale wadogo wa ndani ya nyumba wanapita hata kwenye milimita 6. Tafuta wavu wa chuma wenye vijitundu vidogo vya mraba, waya wake uwe mnene, maana meno ya mbele ya panya hayaachi kukua na kutafuna ndiyo kazi yake. Ukiweza, funga tabaka mbili zilizoachana kwa upana wa vidole vitatu. Njiwa akishika waya wa ndani kwa kucha, panya aliye nje hamfikii. Hili la tabaka mbili ndilo lingeokoa kidole cha yule dume, na sikulijua.

Kama tundu linaning'inia, kumbuka panya wa darini anatembea juu ya kamba kama anavyotembea sakafuni. Kata bati duara, litoboe katikati, lipitishe kwenye waya wa kuning'inizia ili akishuka ateleze. Tundu likae mbali na ukuta, maana anaruka. Matundu ya ukutani yazibe kwa stilwaya ya kusugulia sufuria kisha weka saruji juu.

Sumu mimi siishauri. Panya anaweza kubeba punje za sumu akaziangusha kwenye chakula cha ndege, na paka wa jirani au bundi akimla panya aliyelishwa sumu naye anaingia matatani. Gundi nayo ni balaa. Njiwa akiikanyaga manyoya yanang'oka. Mtego wa kufyatuka unatosha, ila uuweke ndani ya boksi lenye mlango mdogo ambao ndege hapiti. (Sina ugomvi na panya wote, jamani. Panya buku wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini nawapa heshima zao.)

Sasa majeraha. Hapa ndipo nilipoharibu zaidi.

Jike nilimkamata kwa mikono miwili nikambana kifuani ili asipapatike. Kumbe ndege hana kiwambo kama chetu cha kuvutia pumzi. Anapumua kwa kunyanyua na kushusha mfupa wa kifua, na ukibana pale unamziba pumzi hata kama pua iko wazi. Mshike kwa kitambaa, mabawa yakiwa yamekunjwa, vidole vizunguke shingo na mwili bila kukandamiza kifua. Halafu nikampaka mafuta ya mgando kwenye jeraha. Mafuta yanagandisha manyoya, na ndege mwenye manyoya yaliyogandana hawezi kujipasha joto, tena usiku wa Dodoma mwezi wa saba. Mwisho nikammiminia maji ya sukari mdomoni kwa kijiko. Alikohoa mara mbili. Kabla ya saa nne alikuwa amekufa, na jaribio nilishalikosa.

Dume nilimpeleka kwa afisa mifugo wa kata. "Shikamoo mama." "Marahaba. Umempa nini?" Nilipomweleza ya yule jike alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha. Kwanza zuia damu: kitambaa safi, gandamiza pale panapotoka kwa dakika kadhaa bila kufunuafunua. Njiwa wa gramu 300 ana damu isiyozidi mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, kwa hiyo matone unayoyaona machache kwake ni mengi. Pili osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Spiriti hapana. Tatu mweke kwenye boksi lenye giza na utulivu, pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, na nafasi ya kusogea joto likizidi. Maji yawekwe karibu, anywe mwenyewe.

Na usibaki nyumbani ukidhani kidonda ni kidogo. Jino la panya linaacha tobo dogo juu na bakteria wengi chini, na ndege anaficha ugonjwa mpaka azidiwe. Anahitaji dawa siku hiyohiyo, kwa kipimo cha uzito wake. Ile tabia ya kufungua kidonge cha rangi mbili na kunyunyizia kwenye maji iacheni. Mama yule alimchoma dume sindano, akanipa dawa ya siku saba, akaniagiza ninawe mikono kwa sabuni kila nikimgusa, maana kuna homa ya panya inayompata binadamu pia.

Jumapili mdogo wangu alipiga kwa simu ya matroni. Nilimweleza yote. Akauliza, "Kaka, wavu ulinunua?"

Nikamwambia hapana, hela niliprintia ripoti. Kimya. Halafu akauliza dume anasimamaje bila kile kidole.

Anasimama vizuri tu, anaegemea kushoto kidogo. Wavu nilinunua bumu lilipotoka, tabaka mbili.