Bariere, RAM na salongo: kodi inageuka unyang'anyi wakati gani?

Kamba imefungwa kati ya miti miwili, pembeni kuna kibanda cha shiti. Motari anayetoka Masisi na mifuko miwili ya maharagi anapunguza mwendo, anatoa noti ya franga 500 ao 1,000, kamba inashuka, anapita. Mara ingine anapewa kikaratasi, mara ingine hapana. Kilomita chache mbele kuna kamba ingine. Akifika sokoni Goma, kila mfuko umekwisha kubeba bei ya kamba zote, na mama anayenunua kilo moja ndiye anayezilipa, hata kama hajawahi kuziona.

Kile alichotoa motari, ni kodi ao ni kitu kingine? Wengi watajibu haraka: kama ni mtu wa Leta amepokea, ni kodi, kama ni mtu wa kundi lenye silaha, ni wizi. Lakini kuna watu duniani ambao hawakubali jibu hilo. Wanasema mavazi ya anayepokea hayabadilishe kitu. Kinachotazamwa ni kama mwenye pesa alikubali kuitoa.

Watu hao wanaitwa walibertari, jina lililotoka katika neno uhuru. Miaka hii wanasikika zaidi kwa sababu mmoja wao, Javier Milei, alichaguliwa kuwa rais wa Argentina na akaingia madarakani Desemba 2023. Alifanya kampeni akiwa ameshika msumeno wa mota, kuonyesha namna atakavyokata matumizi ya serikali, na mara tu alipoapa alipunguza wizara kutoka 18 hadi 9. Lakini mawazo yenyewe ni ya zamani kumpita.

Msingi wake ni mfupi. Kila mtu ni mwenye mwili wake, kwa hiyo ni mwenye kazi ya mikono yake, kwa hiyo ni mwenye kile alichopata kwa kazi hiyo ao kwa mapatano ya hiari. Hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Kufikia hapo hata padri na pasta wanakubali. Ugumu unaanza wanaposema kwamba sheria hiyo inaifunga serikali pia.

Mfaransa Frédéric Bastiat aliliandika jambo hilo mwaka wa 1850, katika kijitabu kidogo juu ya sheria. Kwake kuna unyang'anyi wa porini na kuna unyang'anyi wa kisheria, na namna ya kuutambua huo wa pili ni rahisi: angalia kama sheria inamtoa mtu kitu chake na kumpa mwingine, kwa namna ambayo raia wa kawaida akiifanya mwenyewe angefungwa. Mmarekani Robert Nozick alienda mbali zaidi katika kitabu chake cha 1974. Alisema kodi inayokatwa kwenye mshahara iko karibu sawa na kazi ya kulazimishwa: kama Leta inachukua mapato ya saa tano, ni kama imekutumikisha saa tano.

Msomi wa Ulaya anaweza kucheka mfano huo. Hapa kwetu hauchekeshi. Wazee waliokuwa watu wazima wakati wa Mobutu wanakumbuka salongo: kuacha shamba lako, kushika jembe ao fagio, na anayekosa anatozwa faini. Salongo ilikuwa kodi inayolipwa kwa jasho, bila pesa kupita katikati. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 16, inakataza mtu kulazimishwa kazi. Nozick angeuliza: basi juu ya nini ni ruhusa kuchukua matunda ya kazi ileile?

Hata hivyo Nozick hakutaka kufuta serikali. Alibakisha polisi, mahakama na ulinzi wa mapatano, basi. Mwenzake Murray Rothbard ndiye aliyekataa hata hiyo: kwake barabara, mahakama na hata ulinzi vingeuzwa na makampuni yanayoshindana, kila mtu akichagua yake.

Kwa kuona mawazo hayo yanafaa nini Kongo, hakuna mfano mzuri kuliko RAM.

RAM ilikuwa rejista ya vyombo vya simu. Mamlaka ya kusimamia mawasiliano, ARPTC, iliianzisha Septemba 2020. Sababu iliyotolewa ilikuwa nzuri: kupambana na simu za bandia na kumsaidia mtu aliyeibiwa simu. Lakini pesa yake haikuombwa kwenye ofisi yoyote. Ilikatwa moja kwa moja kwenye inite. Mtu anaweka inite ili apige simu kwa mtoto aliye Kisangani, anakuta zimepungua. Kwa mwenye simu ya 3G ao 4G, jumla ilikuwa dola 7 kwa mwaka. Kwa mwenye simu ndogo ya 2G, dola 1.

Raia walilalamika, vijana wa LUCHA waliandamana, na mwaka wa 2021 wabunge walimhoji waziri wa posta na mawasiliano, Augustin Kibassa. Hapo ndipo jambo la maana lilitokea, na wengi hawakulitilia maanani. Wenye kuitetea RAM walisema: hii si kodi, ni malipo ya huduma.

Kwa nini neno hilo lilikuwa na uzito? Kwa sababu kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Sheria maana yake andiko lililopita bungeni. RAM ilisimama juu ya dekreti na andiko la waziri, haikupita bungeni. Kama ni kodi, haina miguu. Kama ni malipo ya huduma, inaweza kusimama.

Mlibertari angeuliza swali moja tu hapa, na swali hilo linatosha: je, mteja angeweza kukataa? Ukienda kwa kinyozi usipende bei, unaondoka na nywele zako. Kwa RAM hakukuwa na mlango wa kutokea. Hukuomba huduma, hukuuliza bei, na hukuweza kusema "simu yangu acheni, nitailinda mwenyewe". Kitu usichoweza kukataa hakiitwi tena huduma, hata kama kimepewa jina hilo katika karatasi kumi. Mwanzoni mwa 2022, serikali iliiondoa RAM.

Katika jambo hili walibertari wanaona vizuri kuliko wengi. Wamezoea kuuliza jina la kweli la kila pesa inayotoka mfukoni. Chukua barabara. Sheria ya Julai 2008 iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara, na sehemu ya pesa yake inakatwa kwenye bei ya mafuta. Kwa hiyo motari wetu alilipa barabara tangu alipojaza tanki. Kamba ya kwanza inasema inatunza barabara. Kamba ya pili vilevile. Na akikwama kwenye matope, vijana wa kijiji wanamsukuma na kuomba kitu kidogo. Kati ya wote aliowalipa, hao vijana ndio pekee ambao kazi yao aliiona kwa macho.

Hesabu ya kamba hizo imefanywa. Shirika la utafiti IPIS, la Ubelgiji, lilichapisha mwisho wa 2017 ripoti juu ya bariere za Kivu mbili, Kaskazini na Kusini. Lilihesabu 798. Zilikuwa za makundi yenye silaha, na zilikuwa pia za askari wa taifa na za ofisi za Leta. Kwa Bastiat zote zingeingia katika kapu moja.

Lakini hapa ndipo wasomaji wa mashariki wanapaswa kuwa waangalifu na mafundisho haya, maana wanajua jambo ambalo Rothbard hakuliishi.

Mchumi Mancur Olson aliandika mwaka wa 1993 juu ya majambazi wa aina mbili. Anayetembea anachukua vyote na kuondoka, kwa sababu kesho hatakuwa hapo. Anayekaa mahali pamoja anajifunza kuchukua sehemu tu na kuwazuia wezi wengine, ili watu waendelee kulima na yeye aendelee kula. Kwa Olson, huyo wa pili ni serikali katika utoto wake. Raúl Sánchez de la Sierra alilileta wazo hilo hapa kwetu na kulipima vijijini. Mwaka wa 2000 bei ya koltani ilipopanda sana duniani, makundi yenye silaha yalijikalisha kwenye machimbo ya koltani, yakaweka kodi na kuuza ulinzi. Koltani ni nzito, haifichiki, inatozwa kirahisi inapotoka. Dhahabu ni kingine: gramu chache zinaingia kwenye kona ya kitambaa. Kwa hiyo bei ya dhahabu ilipopanda, makundi hayakuweza kuitoza shimoni. Yalienda kutoza nyumba kwa nyumba katika vijiji ambako wachimbaji wanalala na kunywa.

Hadithi hiyo haijaisha. Mwisho wa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23, iliyokuwa imeshika Rubaya mwaka huohuo, ilipata karibu dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi za koltani.

Sasa rudia wazo la Rothbard la makampuni ya ulinzi yanayoshindana. Mashariki ya Kongo wauza ulinzi ni wengi. Wanashindana kweli, lakini si kwa kupunguza bei. Wanashindana kwa risasi, na mwanakijiji ndiye anayelala porini mpaka mshindi ajulikane. Mlibertari atajibu kwamba huo si uhuru, kwa sababu mwanakijiji hakuchagua mlinzi wake. Ni kweli. Lakini ili achague anahitaji mtu wa kumzuia mwenye bunduki asimlazimishe, na huyo mtu anafanana sana na Leta. Rothbard hana jibu la kutosha hapo. Nozick angalau aliona tatizo hilo, na ndiyo maana alibakisha polisi na mahakama.

Kuna watu wa mbali wanaopenda kuwaambia walibertari: "Kama hamtaki serikali, hamieni Kongo." Maneno hayo yanakosea. Mkaaji wa hapa hakosi mamlaka. Anayo mengi kupita kiasi. Kuna ya usultani, ya territoire, ya jimbo, ya Kinshasa, na ya mwenye silaha wa mlimani, na kila moja ina daftari lake. Kinachokosekana ni ile mamlaka moja inayoweza kuziambia zingine: hapana, huyu amekwisha lipa.

Wakati huohuo, vitu vingi vinavyosimama vizuri hapa vilijengwa bila kulazimisha mtu. Likelemba ya wamama sokoni inashika makuta kuliko benki. Vikundi vya AVEC vinakopesha na kurudishiwa pasipo huissier. Shule nyingi zilibaki wazi tangu miaka ya 1990 kwa sababu wazazi walilipa walimu wenyewe, mpaka elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019. Mlibertari anaonyesha kidole hapo na kusema: mnaona? Ila mzazi aliyefukuziwa mtoto kwa kukosa pesa ya prime atamwambia kwamba hiari ile ilikuwa na meno.

Kwa motari wa Masisi, swali la kama kodi yote ni wizi linaweza kungoja. Lingine haliwezi kungoja: kodi hii, hapa, leo, nani aliiamua? Kuna jibu kwa maandishi. Ordonansi-sheria ya tarehe 13 Machi 2018 inaorodhesha kodi na takse ambazo jimbo, mji, komini, sekta na usultani vinaruhusiwa kutoza. Kisichokuwa ndani ya orodha hiyo hakiwezi kubuniwa na mkubwa wa mahali. Na kile kilicho ndani kinapaswa kutolewa hati: jina la ofisi, sababu ya malipo, kiasi, tarehe, namba.

Kuuliza hati hiyo mbele ya mtu mwenye bunduki ni hatari, na hakuna wa kumlaumu anayenyamaza na kupita. Lakini si kila kamba inashikwa na bunduki. Kwenye soko, kwenye paki ya magari, kwenye ofisi ya komini, anayetoza mara nyingi ni karani mwenye daftari na kalamu, na yeye ana mkubwa wake. Wauzaji wanaokwenda watano ao kumi pamoja na kuomba waonyeshwe mahali ambapo takse yao imeandikwa, hawafanyi uasi. Kifungu kilekile cha 174 kinasema pia kwamba kuchangia mzigo wa taifa ni wajibu wa kila mtu anayeishi Kongo.